Akiba Kwanza, Kodi Baadaye

Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, pensheni ilikuwa mambo ya watumishi wa serikali. Kuli akiishiwa nguvu alirudi kijijini, au alibaki mjini akitegemea watoto. Kwa hiyo sheria ya 1964 iliyounda NPF, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, ilikuwa hatua kubwa: mwajiriwa wa kawaida alikatwa kila mwezi, na mwajiri akalazimika kuchangia. Viwanda vilipoongezeka Chang'ombe, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968 Ubungo, makato hayo yakawafikia wengi waliohamia Temeke na Manzese. Lakini NPF ililipa kwa mkupuo, na shilingi ikaporomoka. Mwaka 1978 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi kama 8. Mwaka 1991 ilizidi 200. Akiba iliyowekwa kwa jasho ikayeyuka kabla mwenyewe hajaishika. Sheria ya 1997 iliyoigeuza NPF kuwa NSSF ilileta pensheni ya kila mwezi, na hapo ndipo akiba ilipoanza kufanana na kinga ya uzeeni.

Kinga hiyo ina faida moja ambayo wafanyakazi wengi hawaijui, ingawa imeandikwa kwenye hati zao za mshahara: mchango hutangulia kodi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mchango wa mfuko ulioidhinishwa huondolewa kwanza, ndipo PAYE, kodi ya mshahara, hukokotolewa kwenye kinachobaki. Mchukue mfanyakazi wa kiwanda cha Chang'ombe anayelipwa 600,000 kwa mwezi. NSSF ikikata 60,000, kodi huhesabiwa kwenye 540,000, nayo kwa viwango vya sasa ni 24,000. Bila nafuu hiyo angelipa 36,000. Hivyo mkononi anapungukiwa 48,000 tu, na mwajiri akiweka 60,000 nyingine, mfuko unapokea 120,000. Sijui upatu wala kikoba kinachoanza na faida kama hiyo siku ya kwanza.

Wako wanaosema heri kiwanja Chamazi au vyumba vya kupangisha Mbagala. Hoja yao si ya kubeza, maana nyumba imewatunza wazee wengi wa mji huu. Lakini fedha ya kiwanja ni ile iliyokwisha kukatwa kodi, hakuna mwajiri anayeiongezea, na mpangaji akikwama, mzee naye anakwama. Zito zaidi ni suala la imani. Wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 walihangaikia haki zao kwa miongo. Kikokotoo cha pensheni cha 2018, kilichoshusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, kilizua hasira hata Rais Magufuli akakisitisha Desemba mwaka huohuo. Hasira ile ilikuwa halali. Ila ilihusu jinsi fedha inavyolipwa. Jinsi inavyoingia ilibaki na manufaa yaleyale, na asiyechangia hana hata cha kudai.

Pingamizi nisiloweza kulijibu ni la mama lishe wa Tandika na fundi wa Tandale. Hao hawana mshahara wa kukatwa PAYE, na nafuu hii haiwafikii. Mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio hutozwa kwa mauzo yake, na mchango wake NSSF haupunguzi hata senti ya kodi hiyo. Sheria ya 2018 iliikabidhi NSSF sekta binafsi na isiyo rasmi, lakini nafuu ya kodi haikuwafikia wanaotozwa kwa makadirio. Bunge lirekebishe hilo: risiti ya mchango wa fundi ipunguze kodi yake kama inavyoipunguza ya karani. Nawe uliyeajiriwa, usiishie kuona makato kwenye karatasi. Nenda NSSF ukahakikishe kuwa mwajiri ameyapeleka.