Mchezaji na Mwenye Dau

Msomaji, huenda umepata kufika Burumba, mtaa wa mji wa Busia upande wa Kenya, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Hapo malori hungoja zamu ya kuvuka, na wenye kubadilisha fedha hukaa na mabunda ya noti za nchi mbili. Jina la boda boda lilizaliwa katika mpaka huu, kwa wenye baiskeli waliovusha abiria baina ya vituo viwili vya forodha. Ukiisha kuvuka utajikuta katika Busia nyingine, na watu ni wale wale na lugha ni zile zile, bali sheria si ile ile. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 ilimkataza kamari mtu ye yote aliye chini ya umri wa miaka 25, hali sheria ya Kenya ya mwaka 1966 ilikuwa imeweka miaka 18. Basi kijana wa miaka 20 aliyezuiwa upande mmoja kuweka dau juu ya mpira wa Jumamosi, aliweza kutembea kidogo tu na kuliweka bila kuvunja sheria.

Sheria hizo mbili zinamtazama mwenye kuweka dau. Mimi nataka kukueleza habari za mtu mwingine, ambaye dau huwekwa juu ya miguu yake na mikono yake, yaani mchezaji.

Nitaanza na kriketi, ingawa najua kwamba huku magharibi mpira wa miguu ndio unaopendwa. Tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune huko India, Kenya ilikutana na West Indies katika Kombe la Dunia. West Indies walikuwa wamelitwaa kombe hilo mara mbili. Wakenya walikuwa wageni kabisa katika mashindano hayo. Kenya ikapata mikimbio 166 tu, na watazamaji wakadhani mambo yamekwisha. Lakini Brian Lara, aliyesifiwa ulimwenguni kote kwa upigaji wake, alitolewa akiwa na mikimbio 8, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja hata timu nzima ikaisha kwa 93. Nahodha wa Kenya, Maurice Odumbe, aliwatoa wapigaji watatu kwa mikimbio 15, akatajwa kuwa mchezaji bora wa siku ile. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe hilo, na Odumbe alikuwamo pia.

Mwezi wa Agosti 2004 alifungiwa kucheza kwa muda wa miaka mitano. Jaji mstaafu Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe ndiye aliyelisikiliza shauri lake, akaona kwamba Odumbe alipokea fedha kwa Jagdish Sodha, mchezesha kamari wa India, na kwamba urafiki wa watu hao wawili haukustahili. Odumbe alikana kwamba amewahi kuuza mchezo, na haifai tumzidishie hatia, kwani hukumu haikusema kwamba aliuza mechi fulani.

Utauliza, kama hapana mechi iliyouzwa, kosa liko wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika namna biashara hii inavyoendeshwa. Mwenye kamari hahitaji kwanza timu ishindwe. Anahitaji kujua neno moja ambalo wengine hawalijui, kama vile nani anaumwa goti, au uwanja una unyevu kiasi gani. Kwa hiyo humjia mchezaji kama rafiki, humpa zawadi, na huuliza jambo dogo lisilomdhuru mtu. Mwaka 1994, huko Sri Lanka, Waaustralia Shane Warne na Mark Waugh walichukua fedha za mtu wa namna hiyo. Warne peke yake alipewa dola 5,000. Waugh alitoa habari za hali ya hewa na uwanja. Chama chao kiliwatoza faini mwaka uliofuata, kikanyamaza, na siri haikufichuka mpaka Desemba 1998. Mchezaji akisha kupokea, si rahisi kukataa ombi la pili, kwa maana mwenye kutoa anajua alichotoa. Na tokea hapo, kila mpira atakaoudondosha, hata kwa bahati mbaya, watu watauliza ulidondoka kwa shilingi ngapi. Kwa maoni yangu hili ni kosa kubwa kuliko hata fedha yenyewe, kwa kuwa linawachafua na wenzake wasiopata senti.

Wengine waliuza mchezo mzima. Ijumaa Kuu ya mwaka 1915, Manchester United iliishinda Liverpool mabao 2 kwa 0, na watu wengi mno walikuwa wameweka dau juu ya idadi hiyo hiyo. Penalti moja ilipigwa nje kabisa ya goli, watazamaji wakazomea. Wachezaji walijua kwamba ligi itasimama kwa ajili ya Vita Kuu na mishahara yao itakoma. Njaa iliyokuwa mbele yao ndiyo iliyowasukuma, ingawa haiwaondolei lawama. Saba kati yao, wanne wa Liverpool na watatu wa United, walifungiwa maisha. Baada ya vita wengi walisamehewa. Sandy Turnbull alikuwa amekwisha kuuawa vitani mwaka 1917, naye Enoch West, aliyeshikilia kwamba hana hatia, hakufunguliwa mpaka mwaka 1945, umri wa kucheza umempita zamani.

Usidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwezi wa Februari 2020 FIFA iliwaadhibu wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya mechi za Ligi Kuu ya Kenya za mwaka 2019. Watatu walifungiwa miaka minne, na mmoja maisha. Klabu iliyohusika ni Kakamega Homeboyz, na kutoka Burumba hadi Kakamega ni safari ya asubuhi moja. Siku hizi kamari imo katika simu. Vijana huiita karatasi ya dau mkeka, hata pale ambapo karatasi haipo, na mpaka wa Busia hauizuii.

Odumbe alirudi uwanjani mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 2018 akapewa kazi ya kuifundisha timu ya taifa. Timu aliyokabidhiwa ilikuwa imepoteza, tangu mwaka 2014, hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, za namna ile ile aliyoishinda West Indies huko Pune.