Kanuni na Utekelezaji: Makerere na Unyanyasaji wa Kingono, 2006–2018

Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilichoasisiwa mwaka 1922, kilianza kupokea wanafunzi wa kike mwaka 1945. Hata hivyo, sera yake ya kupinga unyanyasaji wa kingono ilipitishwa mwaka 2006. Miaka 12 baadaye, kufuatia malalamiko ya hadharani, uongozi ulilazimika kuunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Sylvia Tamale, mwanasheria. Hatua hiyo yadhihirisha kwamba kanuni iliyoandikwa haikutosha. Mwanafunzi ambaye alama zake zimo mikononi mwa anayemnyanyasa hushtaki kwa hofu, au hunyamaza. Historia hii yawaelekeza watunga sera kwenye sharti moja: mlalamikaji alindwe kwanza, na shauri lisikilizwe na wasio na mamlaka juu ya masomo yake.