Watoto Walioimba Terezín, na Wageni Waliokuja Kutazama

Kila tarehe 20 Juni watoto wa kambi yetu wanavalishwa vizuri, wanapangwa mstari, wanawapigia wageni ngoma. Wageni wanapiga picha. Jioni ngoma zinarudishwa stoo, zinafungiwa mpaka mwaka ujao. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Ndiyo maana historia hii ilinishika nilipoisoma.

Terezín ni mji mdogo wenye ngome, kaskazini ya Prague. Mwaka 1941 Wanazi waliugeuza kuwa geto la Wayahudi. Watu walisongamana humo, njaa na magonjwa vikaua maelfu, na treni zilibeba wengine kwenda Auschwitz kuuawa. Sisemi kambi yetu ni kama ile, hapana. Sisi tulikimbia kifo tukapokewa; wao walikuwa wanapelekwa kwenye kifo. Lakini kuna jambo pale linatuhusu.

Wanazi walikataza watoto wasifundishwe masomo. Kuimba na kuchora waliruhusu. Basi walimu wakapitia mlango huohuo, masomo wakayaficha ndani ya nyimbo na michezo.

Mtunzi Hans Krása aliletwa Terezín mwaka 1942. Miaka minne nyuma alikuwa ametunga opera ya watoto, Brundibár, na maneno yake yaliandikwa na Adolf Hoffmeister. Hadithi ni nyepesi. Pepíček na dada yake Aninka hawana baba, mama anaumwa, daktari kasema apewe maziwa. Pesa hakuna. Wanaenda sokoni kuimba wapate chochote, lakini Brundibár, mpiga kinanda wa pale, anawafukuza. Shomoro, paka, mbwa na watoto wa jirani wanaungana nao, wanaimba kwa pamoja, na yule mbabe anashindwa.

Krása aliupanga upya muziki kufuatana na vyombo vilivyopatikana: vayolini, gitaa, klarineti, akodioni. Onyesho la kwanza getoni lilikuwa tarehe 23 Septemba 1943. Yalifuata mengine mpaka yakafika 55. Treni ikiondoka na waimbaji, watoto wengine walifundishwa nafasi zao na mazoezi yakaendelea. Waliopona wamesimulia kwamba jukwaani tu ndipo walipovua ile nyota ya njano waliyolazimishwa kuvaa. Kwa dakika zile mtoto alikuwa paka, alikuwa shomoro. Hakuwa namba kwenye orodha ya treni.

Kisha wakaja wageni. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe kutoka Denmark na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walitembezwa Terezín. Kabla hawajafika, nyumba zilipakwa rangi, bustani zikapandwa, na mwezi Mei watu zaidi ya 7,000 walipelekwa Auschwitz ili mji usionekane umejaa. Wageni walionyeshwa Brundibár. Mjumbe wa Msalaba Mwekundu akaandika ripoti nzuri. Baadaye Wanazi waliingiza opera hiyohiyo kwenye filamu yao ya propaganda. Kufika mwisho wa Oktoba 1944, Krása na watoto wengi walioimba walikuwa wameuawa.

Sasa mtu atauliza: sanaa iliwafaa nini, kama haikuzuia treni? Ni kweli, haikuzuia. Lakini mtoto aliyekuwa amepotezewa shule, nyumba na jina alikuwa na mahali pa kwenda jioni, sehemu yake ya kuikariri, na wenzake waliokuwa wakimsubiri aanze ubeti. Hayo aliyapata kwenye mazoezi, siku ambazo hapakuwa na mgeni yeyote. Siku ya wageni, wimbo uleule uligeuzwa pazia.

Ndugu zetu wa mashirika, siwafananishi na wale wauaji. Naomba vitu viwili tu. Kwanza, ufunguo wa stoo ukae kwa watoto na mwalimu wao, ngoma zipigwe kila wiki, hata na yule mtoto asiyejua kucheza, hata kama hakuna kamera. Pili, ukimwona mtoto anacheza vizuri, usikimbilie kuandika kwamba kambini mambo ni sawa. Muulize kwanza: mnafanya mazoezi siku gani? Akinyamaza, ujue ulichoona ni pazia.