Habari za Buraimi: Mitende, Zaka na Mafuta

Watu wa Itiryo, na wa Tarime yote, hawana haja ya kufundishwa mpaka ni kitu gani. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya ya kuwa mstari utoke mlango wa mto Umba, pwani, upande hata Ziwa Viktoria, kwenye digrii 1 kusini ya ikweta. Mstari huo ukakata nchi ya Wakuria vipande viwili, ndugu huku na ndugu kule, wala hapana mzee aliyeulizwa. Leo twapenda kuwaeleza habari za watu wengine ambao waliulizwa, tena waliulizwa mara nyingi. Na kuulizwa kwao hakukuwaletea raha.

Watu hao ni wa Buraimi, katika nchi za Oman na Abu Dhabi. Oman si jina geni kwetu, kwani ndiko walikotoka masultani wa Unguja. Sayyid Said bin Sultan alitawala pande zote mbili hata alipokufa mwaka wa 1856, na mwaka wa 1861 Unguja na Oman zikatengwa. Buraimi ni mahali pa mitende katikati ya jangwa, penye maji yaletwayo kwa mifereji ipitayo chini ya ardhi. Vijiji vyake vilikuwa tisa: sita vya Abu Dhabi na vitatu vya Oman.

Zamani jangwani hapakuwa na mstari. Mtawala alijulikana kwa zaka: yule umpaye zaka ndiye bwana wako. Na kabila likichukizwa na bwana huyu, liliweza kumwendea mwingine. Desturi hiyo ilifaa maadamu kilichogombewa ni malisho na tende.

Kisha yakaja mafuta. Mwaka wa 1933 Mfalme Ibn Saud wa Saudia aliwapa Wamarekani ruhusa ya kutafuta mafuta katika nchi yake, na mwaka wa 1938 wakayapata kwa wingi huko Dammam. Mwaka wa 1937 Sultani Said bin Taimur wa Masqat aliipa ruhusa yake kampuni ya Iraq Petroleum, yenye makao yake London. Basi angalieni jambo hili: ruhusa ya kampuni hufika pale tu unapofika utawala wa yule aliyeitoa. Kwa hiyo swali la zamani, "Wampa nani zaka?", likawa swali la matajiri wa mbali. Mwaka wa 1949 Saudia ikadai nchi kubwa, na Buraimi ndani yake.

Agosti 1952 akaja Turki bin Ataishan na watu wenye silaha, akakaa katika kijiji cha Hamasa kwa jina la Mfalme wa Saudia. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Naye Turki hakuja na mkono mtupu. Alifanya karamu, akagawa chakula na fedha, akapokea ahadi za utii. Sultani akakusanya maelfu ya watu huko Sohar ili amtoe, lakini Waingereza wakamzuia, kwa kuwa Wamarekani walitaka shauri limalizwe kwa maneno. Kumbe marafiki wawili hawa, Uingereza na Marekani, kila mmoja alikuwa nyuma ya mgomvi wake. Wataalamu wa Aramco, kampuni ya Wamarekani, waliwaandalia Wasaudi hoja za historia ya makabila. Na Waingereza nao waliwaandikia hoja Sultani na Abu Dhabi.

Mwaka wa 1954 walikubaliana kupeleka shauri mbele ya waamuzi, na Septemba 1955 baraza likakutana Geneva. Hapo Waingereza wakadai ya kuwa Wasaudi wanawanunua watu kwa siri, hata Shekhe Zayed wa Abu Dhabi aliahidiwa fedha nyingi mno, akakataa. Mwamuzi wa Kiingereza, Sir Reader Bullard, akajiuzulu, na baraza likavunjika. Tarehe 26 Oktoba 1955 askari walioongozwa na maofisa wa Kiingereza wakauteka mji wa Buraimi kwa nguvu. Baadhi ya mashekhe waliokuwa wameahidi utii wakakimbilia Saudia.

Lakini ugomvi haukuisha. Mwaka wa 1957 Talib, nduguye Imamu Ghalib bin Ali, alirudi Oman kutoka Saudia na watu waliofundishwa vita huko. Ndege za Waingereza zikapiga ngome na vijiji, na Januari 1959 askari wao wa SAS wakapanda Jebel Akhdar usiku na kuuteka.

Na mafuta je? Yale ya Oman yaliyotosha biashara yalionekana Yibal, mbali na Buraimi, mwaka wa 1962, na meli ya kwanza ikayapakia mwaka wa 1967. Mipaka nayo iliandikwa polepole: Saudia na Abu Dhabi mwaka wa 1974, Saudia na Oman mwaka wa 1990.

Sisi twaona fundisho moja hapa. Wakuria hawakuulizwa, wakapoteza. Watu wa Buraimi waliulizwa, lakini jibu lao lilikuwa limekwisha kutiwa bei. Kuulizwa hakufai kitu ikiwa aulizaye amekuja na mfuko wa siri. Nanyi wa Tarime mnayo dhahabu chini ya ardhi huko Nyamongo. Basi ajapo mgeni na zawadi, akiwauliza ninyi ni watu wa nani, msijibu upesi. Mwulizeni kwanza yeye ametumwa na nani, na anatafuta nini chini ya ardhi yenu. Tena mwulizeni barazani, mbele ya watu wote.