Saa Nyingi, Mama Mmoja

Kwenye kituo chetu cha vijana kuna saa tatu za ukutani, zile za bei ndogo zenye betri moja. Kila moja ina wakati wake. Kijana anakuja kwa zamu yake ya kompyuta, saa ya mlangoni inasema amewahi, ya ndani inasema amechelewa dakika sita, na mwenzake ameshakaa kwenye kiti. Siku walipotaka kupigana ndipo nilianza kusoma habari za saa.

Kumbe shida ni ya zamani. Alexander Bain alikuwa mtoto wa mkulima mdogo wa kaskazini mwa Scotland, akajifunza ufundi wa saa, akaenda London kutafuta kazi. Wazo lake: saa moja nzuri iwe mama, itume umeme kidogo kwenye waya, na zingine zote zisogeze mishale pamoja nayo. Mwaka 1840 alimwonyesha Profesa Charles Wheatstone. Kwa maelezo ya Bain, profesa alimwambia asijisumbue, kitu hicho hakina mbele. Halafu Novemba mwaka huohuo Wheatstone akasimama mbele ya Royal Society na kuonyesha saa ya umeme kama kazi yake mwenyewe! Bahati, Bain alikuwa ameshaomba hataza, akaipata Januari 1841. Bila ile karatasi nani angemwamini fundi? Sisi tunaoishi kwa karatasi hatuhitaji kuelezwa sana.

Baadaye reli zilizipenda sana saa za namna hii. Kwenye saa ya reli ya Uswisi, aliyoichora Hans Hilfiker mwaka 1944, mshale mwekundu wa sekunde, ulioongezwa baadaye, unamaliza mzunguko kwa sekunde kama 58 na nusu. Unasimama pale juu, unangoja ishara ya saa mama, ndipo unaondoka.

Saa zetu za kwatsi hazingoji mtu. Kila moja ina kipande chake cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na sakiti inagawanya kwa mbili mara 15 mpaka ibaki mara moja. Vipande havifanani kabisa, basi zinaachana pole pole.

Tukazifungua. Tulikata njia ya sakiti, tukabakiza koili, tukaunga waya mbili kwa kila koili mpaka kwenye bodi moja ndogo ya programu. Siku ya kwanza mishale ilitikisika tu, haikwenda. Tulikuwa tunatuma umeme upande mmoja! Mota hiyo, aliyoibuni Mfaransa Marius Lavet miaka ya 1930, ina sumaku ndogo inayogeuka nusu mzunguko kwa kila mpigo, kwa hiyo mpigo unaofuata lazima uje kinyume. Tena bodi yetu inatoa volti 5 na koili imezoea 1.5, ikabidi tuweke risista.

Sasa zinaruka pamoja, zote tatu. Sola ikiisha usiku zinasimama pamoja pia, na vijana wameanza kubishana kama dakika za giza zinahesabiwa kwenye zamu.