Muyaka bin Haji, Mshairi wa Vita vya Mvita

Mnamo 1728, Mwengo wa Athumani alimtungia mtawala wa Pate Chuo cha Herkal, utenzi mrefu unaosimulia vita vya Tabuk vya zama za Mtume. Kwa watu wa pwani ya kaskazini, hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha utunzi mkubwa: beti kwa mamia, na mashujaa wa dini katika nchi ya mbali. Mombasa haikumpata Mwengo wake. Malenga wake mkuu, Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, alituachia mashairi mafupi, mengine ya ubeti mmoja tu. Hata hivyo, anayeyasoma akiwa na historia ya kisiwa mkononi ataona kwamba Muyaka alisimulia vita vikubwa vilevile, ila vyake vilikuwa vya mji wake mwenyewe, na mashujaa wake ni watu aliokuwa akipishana nao vichochoroni.

Alizaliwa karibu na 1776, Wamazrui wakiwa wameketi katika Ngome iliyojengwa na Wareno. Nasaba yao ilitoka Oman, nao walikuja kama maliwali, lakini kufikia ujana wa Muyaka walikuwa wakijitawala pamoja na wazee wa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thalatha Taifa, bila kumnyenyekea Sultani wa Maskati. Muyaka alikuwa mtu wao wa karibu. Ushairi wake wa siasa haukukaa kando kuamua nani ana haki. Ulikuwa na upande, na hilo halikufichwa.

Mtihani wa kwanza ulikuja mnamo 1812 au 1813, majeshi ya Mombasa na Pate yaliposhuka Shela ili kuitiisha Lamu. Walishindwa vibaya. Waliokimbilia pwani walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani, wakauawa hapohapo. Kwa hofu ya kisasi, watu wa Lamu wakamwomba Sayyid Said, Sultani wa Maskati, awapelekee liwali, na hapo ndipo Waomani walipopata kituo cha kuikabili Mombasa. Mashairi yaliyojibizana kati ya Muyaka na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu ni ya ugomvi huo. Miji miwili iliyokwisha kumwagiana damu ikaendelea kupigana kwa vina, mmoja akitupa neno na mwingine akilirudisha.

Hapa umbo la shairi lina kazi yake. Utenzi, wenye vipande vya mizani minane, unataka wasikilizaji waliotulia. Shairi lina mishororo minne kwa kila ubeti, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, kina cha kati na kina cha mwisho, kisha kiishio kinachofunga hoja. Mtu anaweza kulihifadhi akiwa barazani, akalipeleka Lamu chomboni, naye anayelijibu akafuata vina vilevile ili kuonyesha kwamba hakushindwa. Kwa vita vya majibizano kama hivyo, sidhani kama silaha bora zaidi ingeweza kupatikana.

Abdallah bin Ahmed alipokuwa liwali mnamo 1814, alikataa kumtii Sayyid Said. Simulizi za pwani zinasema kwamba badala ya zawadi za heshima alimpelekea baruti kidogo, risasi, kibaba cha kupimia nafaka na vazi la chuma la vitani. Ujumbe ulieleweka. Said naye akazidi kubana, akatwaa Pemba na Pate, hata Wamazrui wakatafuta kinga kwa Waingereza. Kapteni William Owen aliitundika bendera yao Mombasa mwaka 1824, akamwacha Luteni Reitz, ambaye jina lake bado liko kwenye Port Reitz. Miaka miwili baadaye serikali ya London ikakataa mpango huo na bendera ikateremshwa.

Kisha zikafuata hujuma za Sayyid Said mwenyewe, kuanzia 1828. Ngome ilitwaliwa, ikakombolewa, ikashambuliwa tena. Katika miaka hii mashairi ya Muyaka ni ya mtu anayewahimiza wenzake wasilegee, akiwakumbusha ukoo wao, akiwadharau wanaokuja. Naona ndiyo kilele cha kazi yake, na ninasikitika kwamba shuleni mara nyingi anafundishwa kama bingwa wa mafumbo na mapenzi tu. Aliyatunga hayo pia, kwa ustadi mkubwa, pamoja na ufukara na usaliti wa marafiki. Lakini bila Ngome na bila Shela, nusu ya Muyaka haieleweki.

Kilichowashinda Wamazrui ni ugomvi wa urithi ndani ya ukoo na kugawanyika kwa wakuu wa mji. Mnamo 1837 Mombasa iliangukia mikononi mwa Said. Rashid bin Salim, liwali wao wa mwisho, alikamatwa pamoja na wakuu wa ukoo wake, wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Waliosalia walihamia Gazi na Takaungu. Muyaka alibaki katika mji uliobadili bwana, akafariki 1840.

Hakuna diwani iliyochapwa wakati huo. Johann Ludwig Krapf, aliyeanza kuandika Kiswahili cha Mombasa kwa herufi za Kirumi, alifika 1844. Mashairi yaliishi vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki 1890, alipoyakusanya na kuyaeleza kwa mmishonari William Taylor. Hati za Taylor zilifika London, na kutokana nazo William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, Johannesburg, karne nzima baada ya mshairi kufa. Mohamed Hassan Abdulaziz alimrudisha Kenya kwa kitabu chake cha 1979, kilichochapwa Nairobi, chenye mashairi na maelezo ya mazingira yake.

Jina la Taylor limekaa kwenye hati. La Sikujua linastahili kutajwa kabla yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kila ubeti ulimlenga nani.