Baharia akitumbukia: Vifaa vya kumwokoa na mipaka yake

Na Mwandishi Wetu

BOTI ya matanga iendayo kasi ya noti 20, ambayo ni takriban kilomita 37 kwa saa, humwacha mtu aliyetumbukia majini umbali wa zaidi ya mita 600 ndani ya dakika moja. Kwa umbali huo, kichwa cha binadamu katikati ya mawimbi ni vigumu kukiona hata mchana, sembuse usiku.

Hata boti ya matembezi iendayo noti sita humwacha nyuma karibu mita 185 katika dakika hiyo hiyo. Wakati huo, mabaharia waliobaki hutakiwa kushusha au kugeuza matanga, kushika usukani na kurudi dhidi ya upepo ule ule uliokuwa ukiwasukuma.

Makala haya yanaeleza vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya dharura hiyo, kwa kufuata maswali manne ambayo kila nahodha hupaswa kuyajibu kabla ya kung'oa nanga: baharia atabakije chomboni, akianguka ataeleaje, atapatikanaje, na atapandishwaje. Mashindano makubwa ya kuzunguka dunia yameonyesha kwamba jibu zuri la swali moja halifidii kukosekana kwa jibu la jingine.

KUBAKI CHOMBONI

Kinga ya kwanza ni mkanda wa usalama unaovaliwa kifuani, kamba fupi yenye kulabu, na utepe imara uliolazwa juu ya sitaha kutoka omo hadi tezi. Baharia hutia kulabu katika utepe huo na kutembea akiwa amefungwa kwenye chombo.

Umuhimu wa mikanda hiyo ulijadiliwa sana baada ya dhoruba ya Agosti 1979, iliyoyakumba mashindano ya Fastnet baina ya Uingereza na Ireland na kuua mabaharia 15 waliokuwa wakishindana. Mjadala huo ulirudi Desemba 1998, mabaharia sita walipopoteza maisha katika mashindano ya Sydney hadi Hobart nchini Australia.

Hata mabingwa hawakusalimika. Usiku mmoja wa Juni 1998, Eric Tabarly, baharia mashuhuri kuliko wote nchini Ufaransa, alitupwa majini kutoka boti yake Pen Duick alipokuwa njiani kuelekea Scotland. Hakuwa amejifunga mkanda wala kuvaa jaketi okozi. Mwili wake ulinaswa na meli ya uvuvi wiki kadhaa baadaye.

Hata hivyo, mkanda wenyewe una mipaka. Novemba 18, 2017, baharia mmoja wa mashindano ya Clipper, yanayowashirikisha watu wasio wanamichezo wa kulipwa, alianguka katika Bahari ya Hindi ya kusini, boti ikiwa njiani kutoka Cape Town kwenda Fremantle. Alikuwa amejifunga kama inavyotakiwa. Wenzake walimpata na kumrudisha ndani, lakini alikuwa amekwishafariki.

Idara ya Uingereza inayochunguza ajali za majini ilibaini kwamba kulabu yake ilinasa chini ya chuma cha kufungia kamba kilichokuwa sitahani. Kulabu ya aina hiyo huhimili zaidi ya tani moja ikivutwa kwa unyoofu, lakini ikivutwa kwa ubavu hupinda na kufunguka kwa uzito mdogo sana. Mabaharia walitahadharishwa kulaza tepe zao mahali ambapo kulabu haiwezi kukwama.

KUELEA NA BARIDI

Jaketi okozi la kisasa halivaliwi likiwa limevimba. Ndani yake mna chupa ndogo ya gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo hufunguka yenyewe mvaaji anapozama. Katika aina moja, kidonge huyeyuka kwa maji. Katika nyingine, mgandamizo wa maji ndio unaofungua, hivyo mvua na rasharasha za mawimbi haziliamshi ovyo.

Jaketi lisilo na mkanda wa kupita katikati ya miguu hupanda hadi masikioni na kumwacha mvaaji akinywa maji. Aidha, mawimbi yenye povu huweza kumkosesha pumzi mtu anayeelea vizuri kabisa, na ndiyo sababu majaketi ya mabaharia wa mbali huwa na kofia ya plastiki angavu ya kufunika uso.

Katika maji baridi, wataalamu hutumia kanuni ya moja, kumi, moja. Dakika moja ni ya kutuliza pumzi baada ya mshtuko wa baridi. Dakika kumi ni za mikono kufanya kazi ya maana. Saa moja, kwa kukadiria, ni muda kabla ya baridi kumpotezea mtu fahamu.

Funzo la kanuni hiyo ni kwamba anayeanguka haui kwanza na ubaridi wa mwili bali na maji anayovuta katika dakika ya mwanzo. Vilevile, kifaa kinachohitaji vidole kukiwasha ni lazima kiwashwe mapema, au kijiwashe chenyewe.

KUPATIKANA

Kazi ya kwanza ya waliobaki chomboni ni ya kale: mmoja wao hunyoosha mkono kumwelekea aliyeanguka na hamwondolei macho kwa jambo lolote. Mwingine hutupa boya lenye mlingoti mrefu, bendera na taa, ili kuwe na alama juu ya maji.

Wa tatu hubonyeza kitufe cha dharura kwenye kifaa cha GPS, ambacho huhifadhi mahali chombo kilipokuwa wakati ule. Udhaifu wake ni kwamba huhifadhi mahali, si mtu. Mkondo na upepo huendelea kumchukua aliyeanguka, na baada ya nusu saa anaweza kuwa mbali na alama hiyo.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na virusha ishara vidogo vinavyofungwa ndani ya jaketi okozi. Vinatumia mfumo wa redio ujulikanao kwa kifupi AIS, ambao meli huutumia kutangaziana jina, mahali zilipo na zinakoelekea. Tangu mwisho wa mwaka 2004, kanuni za kimataifa zinazitaka meli za ujazo wa tani 300 na zaidi ziendazo nchi za nje kuwa na mfumo huo.

Jaketi linapovimba, kirusha ishara huwaka, hujitafutia mahali kilipo kwa GPS, kisha hutangaza tena na tena. Kila dakika hutuma ujumbe nane mfululizo, kwa kuwa antena iliyo kifuani mwa mtu hufichwa na mawimbi, na ni lazima baadhi ya ujumbe utoke akiwa juu ya wimbi. Namba yake huanza na tarakimu 972, hivyo anayeiona kwenye skrini hujua kuwa anayeitangaza si meli bali ni mtu.

Vifaa vingi vya aina hiyo hupiga pia kengele katika redio ya VHF ya chombo, kwa njia ya mwito wa kidijitali, ili hata waliolala waamke. Ishara zake hufika maili chache za baharini tu, na antena iliyo juu ya mlingoti husikia mbali zaidi kuliko ya chini.

Thamani yake ilidhihirika Machi 30, 2014, katika Bahari ya Pasifiki. Baharia wa boti Derry~Londonderry~Doire ya mashindano ya Clipper alitupwa majini katika upepo mkali wakati wa kubadili tanga. Alivaa suti isiyopenyeza maji na alikuwa na kirusha ishara cha AIS. Wenzake walimpoteza machoni, lakini alama yake kwenye skrini iliwarudisha kwake, naye alipandishwa akiwa hai baada ya takriban saa moja na nusu majini.

Aina ya pili ya kirusha ishara hutumia masafa ya megahezi 406 na huita setilaiti za mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ulioasisiwa na Canada, Ufaransa, Marekani na uliokuwa Umoja wa Kisovieti, na ambao umekuwa ukiokoa watu tangu 1982. Ujumbe hufika katika vituo vya uokoaji nchi kavu ukiwa na namba ya kifaa. Tangu 2020, baadhi ya vifaa vipya hurudishiwa jibu kupitia setilaiti za Ulaya za Galileo kwamba ishara imepokewa.

Aina hizi mbili hazichukuliani nafasi. Ya setilaiti huijulisha dunia. Ya AIS huwajulisha walio karibu. Katikati ya bahari kuu, ambako helikopta haifiki na meli ya karibu iko mbali kwa saa nyingi, mwokoaji halisi ni ile boti aliyoanguka kutoka kwake.

Siku hizi zipo pia kamera za joto zinazofungwa juu ya mlingoti, zikisaidiwa na programu ya kompyuta inayotambua kitu kinachoelea. Bei yake bado ni kubwa, nazo hutumika zaidi katika boti za mashindano.

KURUDI NA KUMPANDISHA

Kumwona aliyeanguka si kumwokoa. Machi 26, 2018, John Fisher wa boti Sun Hung Kai/Scallywag alipotea katika Bahari ya Kusini wakati wa mashindano ya Volvo, takriban maili 1,400 magharibi mwa Rasi ya Horn.

Alikuwa amevaa suti ya baridi na jaketi okozi, lakini alikuwa ametoa kulabu yake ili asogee mbele kupanga kamba. Boti iliteleza kwenye wimbi kubwa, tanga likageuka ghafla upande wa pili, na kamba zake zikampiga na kumtupa majini. Wenzake waliamini kuwa alipoteza fahamu kabla ya kufika majini.

Maboya yalitupwa kuonyesha mahali. Hata hivyo, ilichukua muda kuitiisha boti na kurudi dhidi ya upepo uliozidi noti 35. Walitafuta kwa saa kadhaa bila kumpata.

Miaka 12 kabla yake, Mei 18, 2006, Hans Horrevoets wa Uholanzi, mwenye umri wa miaka 32, alichukuliwa na wimbi kutoka boti ABN AMRO TWO katika Atlantiki ya Kaskazini, akiwa hajafungwa kwenye chombo. Wenzake walirudi usiku na kumpata, lakini juhudi za kumrejeshea uhai hazikufanikiwa.

Hatua ya kupandisha nayo huwashinda wengi. Mtu aliyelowa na kuishiwa nguvu hawezi kupanda ubavu wa boti mwenyewe. Njia ya kawaida ni kuburuta boya la kitanzi kwa kamba ndefu na kumzunguka, mpaka alishike na kuliingiza chini ya makwapa, kisha kumvuta juu kwa kamba ya kupandishia tanga iliyozungushwa kwenye kapi. Aliyekaa majini muda mrefu ni heri anyanyuliwe akiwa amelala, kwa kuwa kumsimamisha wima ghafla huweza kushusha shinikizo la damu na kusimamisha moyo.

PWANI YETU

Maji ya Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam ni ya vuguvugu, hivyo baridi haiui upesi kama Atlantiki. Lakini giza la tropiki huingia haraka baada ya jua kuchwa, na mkondo hauchagui nchi.

Ngalawa na mashua nyingi hazina umeme wa kuendesha skrini ya AIS. Kwa vyombo hivyo, kirusha ishara cha setilaiti kinafaa zaidi, kwani kina betri yake na hakitegemei chombo. Nacho cha AIS si bure kabisa, maana meli kubwa ziingiazo bandarini husikiliza mfumo huo, ingawa si kila skrini ya zamani huonyesha alama ya mtu waziwazi.

Ni vyema mnunuzi azingatie mambo mawili. Kwanza, vifaa vikuukuu vya megahezi 121.5 pekee havisikilizwi tena na setilaiti tangu Februari 1, 2009. Pili, kifaa kilichotumika nje ya nchi huendelea kubeba usajili wa mwenyewe wa awali mpaka kibadilishwe. Vinginevyo waokoaji watampigia simu mtu asiyehusika, na muda utapotea.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wa maswali manne ndio mpangilio wa ununuzi. Aanze na mkanda na kamba, afuatishe jaketi lenye filimbi, taa na mkanda wa miguuni, kisha kirusha ishara. Boya la kitanzi na kapi ya kumnyanyulia mtu havigharimu sana, lakini ni lazima vijaribiwe bandarini na mtu mzima akiwa ndani ya maji.

Chupa za gesi, vidonge na betri vina tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo husomwa chombo kikiwa bado ufukweni. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga.